Maswali ya Wasomaji: Bustani ya Wanyama Kama Darasa la Sayansi

Katika toleo lililopita tuliwaalika walimu na wazazi watuandikie kuhusu ziara za kimasomo, na barua nyingi tulizopokea ziligusa jambo moja, yaani namna ya kuitumia bustani ya wanyama katika kufundisha sayansi ya shule ya msingi. Barua zilizofanana nimeziunganisha, zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi wa darasa la nne. Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi 60 kwenye bustani ya wanyama, tukazunguka vizimba vyote kwa muda wa saa tatu. Watoto walifurahi mno, lakini niliporudi darasani na kuwauliza walichojifunza, walinitajia majina ya wanyama ambayo wengi wao walikuwa wakiyajua kabla hatujaondoka. Mwaka huu mwalimu mkuu ananiuliza kama ziara ile ina maana yoyote kwa somo langu. Nimjibuje?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, mjibu kwamba ina maana kubwa, ila si kwa mpango ule wa mwaka jana. Hebu tupige hesabu pamoja. Saa tatu ni dakika 180. Ukiondoa saa nzima ya kula, kwenda msalani na kusubiriana, zinabaki dakika 120, na kama bustani ina vizimba 60, kila kizimba kimepata dakika mbili, ambazo ndani yake wanafunzi 60 wanasukumana ili waone. Mtoto aliyekuwa nyuma ameona migongo ya wenzake. Hapo hapakuwa na uchunguzi wowote, na ndiyo maana watoto walirudi na kile kile walichoondoka nacho, yaani majina.

Ushauri wangu ni kwamba uchague wanyama watatu, wakizidi sana wawe wanne, kila mmoja umtengee dakika 20 hadi 30, na waliobaki muwapite njiani bila kuweka kituo. Najua walimu wengi huona hasara kufanya hivyo, kwa kuwa nauli imeshalipwa na wazazi wanatarajia mtoto aone kila kitu. Lakini mnyama aliyetazamwa kwa nusu saa huanza kuonyesha mambo ambayo hakuyaonyesha katika dakika mbili za kwanza, na mambo hayo ndiyo sayansi yenyewe.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kosa la aina nyingine. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini niliandaa karatasi yenye maswali 40, nikiamini kwamba wingi wa maswali ndio wingi wa elimu. Tulipofika nilimkuta msichana mmoja ameegemea ukuta wa kizimba, kampa twiga mgongo, ananakili kutoka kwenye kibao urefu na uzito wa twiga, na hali twiga mwenyewe yuko mita chache nyuma yake, ametulia, anacheua. Nikamgeuza. Tukasimama tukizitazama taya zikisaga kwa mwendo wa kwenda upande, kisha zikatulia. Tonge likaonekana waziwazi likiteremka ndani ya shingo ile ndefu, ukapita muda mfupi wa kimya, halafu tonge jingine likapanda kutoka chini kama mpira mdogo unaosukumwa ndani ya soksi, na taya zikaanza kusaga upya. Msichana akauliza, "Mwalimu, anakula nini, mbona hajainama?" Swali hilo halikuwa miongoni mwa yale 40, na ndilo tuliloshughulika nalo wiki nzima iliyofuata tulipofundisha mmeng'enyo wa chakula.

Kwa hiyo ondokeni na swali moja kubwa, na liwe swali ambalo kibao cha kizimbani hakiwezi kulijibu. Nitakupa mfano ninaoupenda. Siku chache kabla ya ziara, waambie wanafunzi wapapase nyuma ya shingo zao na kuhisi mfupa unaojitokeza pale shingo inapokutana na mabega. Waulize, shingo ya twiga ina pingili ngapi? Kila mmoja aandike makisio yake kwenye daftari, na wewe usiseme jibu. Utaona 20, utaona 50, hutakosa mtoto atakayeandika 100. Mkifika bustanini, vituo vyenu viwili viwe kwa twiga na kwa heroe, yule ndege wa rangi ya waridi ambaye wengi humwita flamingo, na kazi yao iwe kuchora jinsi kila shingo inavyojikunja mnyama anapoinama, anapojikuna na anapogeuka nyuma. Mtoto makini atagundua kwamba shingo ya heroe hujikunja kama kamba, inaweza hata kulazwa mgongoni ikiwa imejipinda, ilhali shingo ya twiga hushuka na kupanda kama mkono wa winchi, ikiwa na sehemu chache tu zinazopinda. Mkirudi darasani, waambie sasa kwamba twiga ana pingili saba za shingo, sawa na binadamu, sawa na panya na karibu mamalia wote, ila kila pingili yake inaweza kufikia urefu wa sentimita 25 hivi; heroe, pamoja na udogo wake, ana pingili zaidi ya mara mbili ya hizo. Hapo jibu linakutana na mchoro ambao mtoto ameuchora kwa mkono wake, naye anaelewa kwa nini shingo moja ni kamba na nyingine ni winchi. Ungelitaja jibu hilo siku ya kwanza, lingekuwa neno jingine la kukariri.

Jambo jingine ni ugeni wa mahali. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani John Falk na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto wanaopelekwa mahali wasipopazoea hujishughulisha kwanza na mahali penyewe, na lile walilotakiwa kujifunza hubaki nyuma mpaka ugeni upungue. Mwalimu anayekasirika kwa kuwa watoto hawasikilizi katika nusu saa ya kwanza anashindana na maumbile. Siku moja kabla, chora ramani ya bustani ubaoni, waeleze mtaingilia lango lipi, mtakula wapi na saa ngapi, vyoo viko upande gani, na kama kuna mahali pa kucheza, mtachezea lini. Mkifika, waache wazunguke na kushangaa kwa dakika 20, pamoja na wasimamizi wao, kabla hujataja kazi yoyote. Dakika hizo hazipotei.

La mwisho katika swali lako ni wakati wa ziara. Shule nyingi huiweka mwishoni mwa muhula kama zawadi baada ya mitihani, jambo ambalo mimi naliona ni kuitupa. Iweke katikati ya mada, ili yatangulie masomo mawili au matatu ya kuzua maswali, na yabaki mengine mawili au matatu ya kuyajibu kwa kutumia walichokileta. Mwalimu mkuu akiona mpango wa masomo sita ambao ziara ni la tatu kati yake, hatakuuliza tena maana yake.

SWALI: Niko mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilipowapeleka wanafunzi, simba alilala muda wote, hata mkia hakuutikisa. Watoto walivunjika moyo, na mimi sikuwa na la kuwaambia. Mwalimu hufanya nini mnyama asipofanya lolote?

JIBU: Kulala ni jambo, tena ni jambo linaloweza kupimwa. Simba anaweza kupumzika hata saa 20 katika siku moja, na kwa hiyo mgeni anayemkuta amelala amemkuta katika hali yake ya kawaida. Anayemkuta anatembea ndiye aliyebahatika. Tatizo lilikuwa kwamba watoto walikwenda wakitarajia tukio, hawakwenda wakitarajia takwimu.

Wataalamu wa tabia za wanyama hawasubiri tukio. Jeanne Altmann, aliyetumia miaka mingi kuwachunguza nyani wa Amboseli nchini Kenya, alichapisha mwaka 1974 makala inayoeleza njia za kurekodi tabia za wanyama bila kupendelea zile zinazovutia macho, na njia mojawapo kati ya hizo inamfaa kabisa mtoto wa miaka tisa. Wanafunzi wanakuwa wanne wanne. Mmoja anashika saa, na kila dakika moja inapotimia anasema "sasa". Wawili wanamtazama mnyama na kusema anachofanya wakati ule ule, si alichofanya sekunde kumi zilizopita. Wa nne anaweka alama kwenye jedwali lenye safu chache: amelala, amekaa, anatembea, anakula, anajisafisha, mengineyo. Baada ya dakika 20 wana alama 20.

Kazi hii ina mtego mmoja mzuri, nao hujitokeza mapema. Simba amelaza kichwa, lakini sikio linageuka kufuata sauti. Je, amelala au anapumzika? Utasikia ubishi mkali, na usiukatize. Kwa kawaida kikundi huishia kukubaliana kwamba "amelala" maana yake ni macho yamefumba na kichwa kiko chini, na "amepumzika" ni hali nyingine yoyote ya kutulia. Hapo watoto wamejitungia fasili ya kisayansi bila kuambiwa kwamba wanafanya hivyo. Kama nafasi ipo, wapeni fasili hizo darasani kabla ya kuondoka, ila kwa maoni yangu ubishi wa mbele ya kizimba ni mtamu zaidi.

Darasani ndiko mavuno yanakopatikana. Tuseme kikundi kimoja kimepata alama 15 za kulala, tatu za kukaa na mbili za kutembea. Hiyo ni asilimia 75, 15 na 10, na somo la hisabati limeshapata grafu yake. Kikundi kilichokuwa kwa tumbili kitaleta jedwali lililotapakaa kila safu, na kilichokuwa kwa swala kitaleta alama nyingi za kula. Sasa uliza kwa nini. Nyama ina nishati nyingi katika kiasi kidogo, na windo moja likifanikiwa linamtosha simba kwa muda. Majani yana nishati kidogo, hivyo anayeyategemea hula kwa saa nyingi. Wanafunzi hufikia sehemu kubwa ya maelezo hayo wenyewe wakiyalinganisha majedwali, na kazi yako inabaki kuwakumbusha mipaka ya walichokiona: dakika 20 za saa tano asubuhi haziwezi kusema mnyama hufanya nini usiku, wala simba wa kizimbani asiyewinda hawezi kuwasemea simba wote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uchunguzi nao ni mali ya namna hiyo; jedwali lisilojazwa pale pale halijazwi tena kwenye basi.

SWALI: Katika mtaala wetu tuna mada ya kuainisha viumbe hai. Wanafunzi wanakariri kwamba ndege wana manyoya na mamalia hunyonyesha, lakini wakipewa popo wanasema ni ndege, na pengwini wanasema ni samaki. Bustani ya wanyama inaweza kusaidia vipi?

JIBU: Inaweza, endapo utawazuia wasianze na jina la kundi. Mtoto akijua kwamba anayemtazama ni "reptilia", hamtazami tena, ameshapata jibu. Wape badala yake mti wa maswali ya ndiyo na hapana, unaoanza na vitu vinavyoonekana kwa macho: je, mwili umefunikwa na nywele, manyoya ya ndege, magamba au ngozi tupu yenye unyevu? Ana masikio yanayojitokeza nje? Ana kope zinazofumba? Kila kikundi kipelekwe kwa mnyama mmoja anayesumbua, kama vile popo, pengwini, kobe au nyoka, kisha kikipandishe mnyama wake kwenye mti huo mpaka kifike mwisho. Popo akining'inia karibu na kioo, nywele zake fupi na masikio yake yataonekana, na mabawa yake yataonekana kuwa ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu. Pengwini akitoka majini na kujikung'uta, mtoto ataona manyoya ya ndege yaliyobanana sana, akaelewa kwamba kutoruka hakumwondoi mtu kwenye ukoo.

Lakini acha nikupe zoezi ambalo halijawahi kuniangusha. Wasimamishe wanafunzi mbele ya heroe au mbuni na uulize, goti lake liko wapi? Wote watanyoosha kidole kwenye kiungo kile cha katikati ya mguu, na mara moja mmoja atasema kwamba goti la ndege huyu limegeuzwa, linapinda kwenda nyuma. Waambie wasimame kwa ncha za vidole vyao vya miguu, visigino vikiwa juu. Kisha waangalie tena. Kile walichokiita goti ni kifundo cha mguu. Ndege anatembea kwa vidole, kisigino chake kiko juu hewani, na goti lake halisi limefichwa karibu na mwili chini ya manyoya, nalo linapinda kwenda mbele kama la kwao. Nimeona watoto wakirudi nyuma hatua mbili, wakitazama miguu yao na ya ndege kwa zamu, mmoja akipanda na kushuka kwa vidole kama anayecheza ngoma. Baada ya hapo hawaridhiki. Wanakwenda kutafuta kisigino cha pundamilia, wanakikuta juu vilevile katika mguu wa nyuma, na wanaanza kuuliza kwa nini tembo anaonekana kama amevaa viatu vizito. Kwamba wanyama wenye maumbo tofauti kabisa wana mpangilio mmoja wa mifupa ni fikra nzito ya baiolojia, na watoto wa darasa la nne wanaweza kuigusa kwa miguu yao wenyewe.

SWALI: Mimi ni mzazi. Binti yangu wa miaka kumi alirudi kutoka kwenye ziara ya shule akiwa na huzuni kwa sababu alimwona chui akienda na kurudi kwenye njia ile ile bila kukoma. Nashindwa kuelewa shule inafundisha nini kwa kuwaonyesha watoto wanyama waliofungwa. Je, si afadhali ziara hizi zikomeshwe?

JIBU: Ndugu mzazi, binti yako aliona vizuri kuliko watu wazima wengi, na ningependa apongezwe kabla hajatulizwa. Kwenda na kurudi kwa namna hiyo, kwa njia ile ile na bila lengo linaloonekana, ni tabia inayojulikana na wataalamu, nao huihesabu kuwa dalili kwamba mazingira ya mnyama, ya sasa au ya zamani, yamepungukiwa na kitu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Oxford ulionyesha kwamba wala nyama wanaotembea masafa marefu porini, wakiongozwa na dubu weupe wa nchi za barafu, ndio wanaoathirika zaidi wanapofungwa. Mwalimu asimfiche mtoto jambo hilo.

Hata hivyo, sikubaliani kwamba dawa yake ni kukomesha ziara. Bustani za wanyama hazifanani, na shule ina hiari ya kuchagua inayowatunza wanyama wake ipasavyo na kuikwepa inayowaonyesha kama vikaragosi. Wapo pia wanyama ambao leo wangekuwa picha tu kama wasingehifadhiwa kwenye bustani. Choroa wa Arabia, swala mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, aliuawa wa mwisho porini mwaka 1972. Lakini tangu mwaka 1963 kundi dogo lilikuwa limeanza kuzalishwa katika bustani ya wanyama ya Phoenix huko Marekani, na kutokana na juhudi hiyo wanyama hao walirudishwa katika jangwa la Oman mwaka 1982. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kwenye daraja la walio hatarini kutoweka na kumpandisha hadi daraja lenye nafuu zaidi, la walio katika mashaka. Haitakuwa kweli kusema kwamba kila mnyama aliye kizimbani anaandaliwa kurudi porini, kwa kuwa wengi hawarudi kamwe, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuyabeba maelezo hayo yote mawili kwa pamoja.

Kuna kazi moja ambayo ningemshauri mwalimu wa binti yako aitoe, kwa kuwa huigeuza huzuni kuwa fikra. Watunzaji wa wanyama wana desturi ya kuwapa wanyama shughuli: huficha chakula ndani ya magogo yenye matundu, hubadilisha mahali pa magogo na kamba, huleta harufu mpya ili mnyama apate cha kutafuta. Wanafunzi wamtazame mnyama mmoja, wajiulize porini angetumia siku yake kwa shughuli gani, kisha wabuni kifaa kimoja cha kumrudishia sehemu ya shughuli hiyo. Michoro yao ipelekwe kwa mtunzaji mwenyewe. Jibu atakalotoa, hata akisema kifaa hiki chui atakitafuna kwa dakika tano, litakuwa somo la tabia za wanyama lililotolewa na mtu anayezijua kwa mikono yake.

SWALI: Kama mwalimu mkuu, wasiwasi wangu ni usalama na nidhamu. Tuzingatie nini?

JIBU: Mheshimiwa Mwalimu, kubwa ni idadi ya wasimamizi. Mtu mzima mmoja kwa watoto sita hadi wanane ndiyo hesabu ninayoiamini kwa umri huu, na wasimamizi nao wapewe kazi ya wanafunzi mapema, la sivyo watageuka walinzi tu. Mwalimu anayeongoza aende peke yake kabla ya siku ya ziara, apite njia nzima kwa miguu, aulize saa za kulisha wanyama, na azungumze na ofisi ya elimu ya bustani ikiwapo. Watoto wasilishe wanyama wala kugonga vioo. Mahali panaporuhusiwa kuwagusa wanyama, mikono ioshwe kwa sabuni mara tu baada ya hapo na kabla ya kula, hasa wakigusa kobe, mijusi na nyoka, kwa sababu wanyama hao wanaweza kubeba bakteria wa salmonela hata wakionekana wazima. Kuhusu nidhamu, uzoefu wangu ni kwamba kikundi chenye saa, jedwali na kazi ya kila mtu hakina muda mwingi wa utundu.

SWALI: Nitapimaje kama wanafunzi wamejifunza? Nikiwapa mtihani wa maswali ya kuchagua, wanaokwenda na wasiokwenda wanapata alama zinazokaribiana.

JIBU: Huenda mtihani wako unapima majina. Wape karatasi tupu wiki moja kabla ya ziara, uwaambie wachore mnyama mmoja mahali anapoishi porini, na waandike maelezo mafupi pembeni ya kila kitu walichochora. Wiki moja baada ya ziara wachore tena bila kuona mchoro wa kwanza, kisha uiweke michoro miwili pamoja. Njia ya namna hiyo ilitumiwa katika bustani ya wanyama ya London na Eric Jensen, aliyechapisha mwaka 2014 utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 2,800. Asilimia 41 ya waliokuwa na mwelimishaji wa bustani walionyesha maendeleo, na kwa walioongozwa na walimu wao pekee ilikuwa asilimia 34. Takwimu hizo mimi huzisoma kwa pande mbili: mwelimishaji wa bustani ana faida, kwa hiyo mwombe, na hata akiwapo, zaidi ya nusu ya watoto hawakuonyesha maendeleo, jambo linalopaswa kumzuia mwalimu kuamini kwamba kufika tu kunatosha.

Unapolinganisha michoro usitafute uzuri. Tazama kama mamba wa mwanzo aliyekuwa akielea kwenye karatasi nyeupe sasa amepata ukingo wa mto, jua, na kinywa kilichoachwa wazi, na kama pembeni pameandikwa kwamba anaachama ili kupunguza joto. Tazama kama mnyama amepata cha kula na anayemla. Makosa mapya nayo yaandike, kwa kuwa ziara huzaa makosa pia. Nimewahi kuona mchoro wa pili ambamo pengwini aliyekuwa akiishi baharini alihamishiwa kwenye bwawa la saruji la rangi ya buluu, na ikanibidi nirudie somo la makazi ya viumbe.

SWALI: Shule yetu iko mbali na bustani yoyote ya wanyama na haina fedha za kusafiri. Je, wanafunzi wetu wamekosa?

JIBU: Wamekosa twiga, hawajakosa uchunguzi. Yale majedwali ya dakika 20 yanafanya kazi kwa mbuzi, kwa mjusi wa ukutani na kwa siafu wa njiani. Kama shule ina intaneti, bustani kadhaa kubwa, ikiwamo ya San Diego huko Marekani, huonyesha wanyama wao kwa kamera za moja kwa moja, na watoto wanaweza kurekodi tabia kutoka kwenye skrini kama wangefanya mbele ya kizimba. Tena faida yake ni kwamba wanaweza kurudi kesho saa ile ile na kulinganisha.

Ila kama ningekuwa mwalimu wenu ningeanza na bakuli la maji uani. Waketi mbali kidogo, kimya, na wangoje kuku aje kunywa, kisha njiwa. Kuku huchota maji kwa mdomo, akainua kichwa ili yateremke kooni, akainama tena. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza, asiinue kichwa mpaka amalize. Usiwaambie hivyo; waulize tu ndege hawa wawili wanakunywaje, uwaache wabishane mpaka kuku wa pili afike.